Mbalamwezi Niliyoipa Sifuri

Namhimidi Mwenyezi Mungu aliyenipa ulimi mmoja na masikio mawili, akanivumilia miaka yote niliyoishi kana kwamba amenipa kinyume chake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na watu wake wema. Ametupa ziwa refu lenye samaki, ametupa lugha zaidi ya moja za kumshukuria, na mimi akaniruzuku kazi ambayo majirani zangu wa Ujiji hadi leo hawajaielewa: kuwafundisha vijana wa chuo kikuu kusoma mashairi ya Kiingereza.

Nilipostaafu, mzee mwenzangu msikitini alinishika mkono akaniuliza, "Sasa Mwalimu, yale mashairi yameisha, au wamekukataza?"

Nikamwambia, "Yapo, mzee. Nimechoka mimi."

Akasema, "Alhamdulillahi." Mpaka leo sijui alishukuru lipi.

Nawaandikia ninyi wanangu mnaoanza kazi hii, na ninyi wengine mnaokaa upande wa pili wa meza mkiiogopa. Sitafuata mpangilio wa miaka, kwa sababu kumbukumbu zangu zenyewe haziufuati. Kuna mwanafunzi namkumbuka kwa kikohozi chake na nimesahau alifaulu nini. Mmoja tu namkumbuka kwa kila kitu, na huyo nitamfikia.

Nianze na barafu. Nilikuwa mgeni kazini, nina suti moja na majivuno ya suti tatu. Shairi la wiki lilikuwa la theluji. Nikaeleza theluji kwa dakika arobaini, nikachora ubaoni, nikapuliza mikono kama mtu mwenye baridi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, wewe umewahi kuiona?"

"Sijaiona."

"Basi sote tuko mwaka wa kwanza."

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikaapa kuwashinda. Wiki iliyofuata nilishuka ufukweni kwa wale wanaopakia samaki wa kwenda mbali, nikanunua bonge la barafu, nikalifunga kwa gunia na pumba za mbao ndani ya ndoo, nikapanda nalo kilima kwa baiskeli ya kukodi. Hesabu yangu ilikuwa nzuri ila nilisahau salamu. Kigoma humpiti mtu kwa "habari" moja ukaendelea. Niliulizwa mama, watoto, shamba, mgonjwa wa mwezi uliopita. Nilipofika nikaita majina ya mahudhurio. Kisha nikafunua ndoo kwa mbwembwe.

Kulikuwa na maji, pumba, na vipande vitatu vya barafu ukubwa wa tende, vyote vinanuka migebuka. Katika zoezi la wiki ile msichana mmoja aliandika kwamba theluji ni kitu kinachochelewa kufika, kinanuka samaki, na kinaondoka kabla hakijaeleweka. Nilimpa saba kwa kumi. Leo ningempa tisa.

Aliyenifuta machozi siku ile ni Mwalimu Gervas, aliyekuwa mkubwa wangu kazini. Mkatoliki wa Mwandiga, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Yeye alikuwa amefundisha mashairi kabla yangu kwa miaka mingi, na ofisi yetu ilikuwa moja, meza mbili na kiti kimoja na nusu. Aliitazama ndoo akasema, "Sadiki, wanafunzi hawakukuomba theluji. Walikuomba shairi. Ulilisoma?"

"Nililieleza."

"Sijauliza hivyo. Ulilisoma kwa sauti?"

Sikuwa nimelisoma. Akanipa kanuni yake: shairi lisomwe kwa sauti mara tatu, na watu watatu tofauti, kabla ya yeyote kuruhusiwa kutamka neno "maana". Nikamwambia wanafunzi watalalamika kwamba wanasoma wasichokielewa.

"Wewe madrasa ulianza kwa kuelewa?" akaniuliza.

"Hapana. Tulisoma mpaka ulimi ukajua njia. Kuelewa kulikuja baadaye."

"Na mimi seminari niliimba Kilatini miaka minne bila kujua naomba nini. Sisi wawili tumelelewa na maneno tusiyoyaelewa, na tumekuwa watu wazima. Kwa nini uwaonee hawa huruma?"

Basi tangu siku hiyo darasa langu lilisikika mpaka kwenye kibanda cha chai. Mama muuza chai akazoea. Alikuwa akiniambia, "Leo mmesoma lile lenye huzuni, Mwalimu. Nimeunguza maandazi." Hajui Kiingereza hata cha salamu. Nendeni mkafundishe namna hiyo, mtaona.

Kanuni ya pili niliitunga mwenyewe, na niliipenda mno. Niliiita kuhesabu vyombo. Mnajua sherehe ikiisha, kina mama hawaanzi kusema kama ilifana au haikufana. Wanahesabu kwanza: sinia ngapi, sufuria ngapi, vijiko viko wapi, kile kikombe chenye ufa ni cha nani. Nikawaambia wanafunzi, kabla hamjasema shairi lina maana gani, hesabuni vyombo vyake. Nani yumo? Amekaa wapi? Kuna kitu gani mezani, ukutani, sakafuni? Kipi kimekaa mahali kisipostahili kukaa? Ukishavihesabu vyote, maana inakuja yenyewe kuomba kiti.

Niliisema kanuni hii kila mwaka. Kuifuata ni habari nyingine.

Mambo yalikuwa yanabadilika. Tulianza kwa karatasi za stensili zilizotia wino hadi kwenye kanzu. Ikaja fotokopi, ikaja simu. Siku hizi mwanafunzi anaiuliza simu, simu inamjibu kwa adabu, naye ananiletea adabu ile ile ikiwa imechapwa. Sina ugomvi na simu. Lakini kabla ya simu tulikuwa na mashine nyingine ya majibu, nayo ilikuwa mimi mwenyewe.

Karibu na chuo kulikuwa na duka la fotokopi. Mwenye duka, mtu mzima mwenye miwani na heshima zake, alipata daftari la mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri aliyeandika kila nilichosema kwa mwaka mzima. Akalitoa nakala, akalibana, akaliuza. Siku niliyoliona nilistaajabu. Kila shairi lilikuwa na jibu lake. Mizaha yangu yote ilikuwemo, na mahali pengine kwenye mabano imeandikwa: hapa Mwalimu anakohoa. Nilitazama vizuri nikagundua kwamba kweli, mwaka hadi mwaka, nilikuwa nakohoa pale pale.

Badala ya kuogopa, nilifurahi. Nilijiona nimechapishwa.

Sasa nifike kwenye shairi la mwezi. Lina mistari kumi na miwili, na aliyelitunga jina lake halijulikani. Mwanamke wa pwani ya nchi ya baridi amekaa mlangoni kwake, mwezi umejaa. Anausifu: umeifanya bahari isomeke kama ukurasa, umeingia uani kama mgeni wa heshima. Mumewe mvuvi amekaa kando yake, amenyoosha miguu. Mstari wa saba unataja nyavu zimetundikwa ukutani, wa nane unataja sufuria imefunikwa kifudifudi juu ya jiwe. Mwishoni anauambia mwezi kwamba umependeza mno, hata hawezi kuukasirikia.

Jibu lake, wanangu, lilikuwa mapenzi. Mwalimu Gervas alinirithisha hilo pamoja na faili zake alipostaafu, nami nikalihifadhi kama amana. Mume yuko nyumbani, mwezi umejaa, bahari imetulia: mapenzi gani zaidi ya hayo? Darasa zima liliandika mapenzi kila mwaka, nikawapa alama zao, tukaachana salama.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Yustina. Alitoka Mwamgongo, kule kaskazini kunakofikika kwa boti, na mama yake alikuwa mwanika dagaa, ambaye kwa dagaa hao alimtumia pesa ya chakula chuoni. Mtulivu, mwenye kuuliza maswali mwishoni mwa kipindi wakati wenzake wameshabeba mikoba. Katika mtihani wa kwanza alianguka, kwa sababu alitumia muda wote kwenye swali moja akaacha matatu meupe. Akapewa mtihani wa marudio, ule vijana mnaouita sapu. Na mnajua sheria ya sapu: ukianguka hapo unaondolewa chuo. Kudisko, kama mnavyosema. Alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yao kufika huko, na amebakiza muhula mmoja.

Swali kubwa la sapu, lenye alama arobaini, lilikuwa shairi la mwezi. Nilisahihisha karatasi zote siku moja kwenye baraza la nyumba yangu. Mapenzi, mapenzi, mapenzi. Nikafika kwa Yustina. Ameandika kurasa tatu kwa mwandiko wa kubana kwamba shairi hili ni la njaa.

Nilicheka. Nikamwita mke wangu, Mama Zuhura, nikamsomea kichwa cha habari. Halafu nikachukua kalamu nyekundu nikaandika sifuri, na chini yake, Mungu anisamehe, nikaandika: "Soma shairi, usiote."

Matokeo ya awali yalibandikwa ubaoni mwezi uliofuata, kabla ya kikao cha watahini kuyathibitisha. Kesho yake asubuhi Yustina akabisha hodi ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Mwalimu, sikuja kulia. Nimekuja kuuliza swali moja."

"Uliza."

"Yule mwanamke, kwa nini aukasirikie mwezi?"

"Hajaukasirikia. Anasema hawezi."

"Ndiyo. Lakini mtu hawezi kusema siwezi kukukasirikia kama hakuna sababu ya kukasirika. Mimi siwezi kukwambia, Mwalimu, umependeza hata siwezi kukukasirikia. Utashtuka. Utauliza umenikosea nini."

Nilishtuka kidogo, nikaficha kwa kupanga karatasi. "Binti, mume yuko nyumbani, mwezi umejaa. Hayo ni mapenzi."

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. "Mwalimu, kwetu mume akiwa nyumbani na mwezi umejaa, swali ni moja tu. Kesho tunakula nini?"

"Hilo ni la Mwamgongo. Shairi ni la Uingereza."

"Samaki wa Uingereza hawaoni mwezi?"

Nikamwambia akasome notisi. Akasema hana, wenzake wote wanazo ila yeye aliona afadhali asome shairi lenyewe. Akaaga kwa adabu akaondoka, akaniacha na hasira ambayo sikuweza kuielekeza kwa mtu.

Nikarudi nyumbani kula. Mama Zuhura akatenga ugali na maharage. Jana yake yalikuwa maharage. Juzi yake pia.

"Mama Zuhura, dagaa wamehama ziwa?"

"Wewe nawe! Dagaa utawapata wapi mbalamwezi hii? Subiri giza lirudi."

Nikalirudisha tonge sahanini.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Dagaa wetu wanavuliwa kwa taa. Usiku wa giza mvuvi anawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawapokea. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina taa moja ambayo si ya mvuvi, dagaa wanatawanyika, na kuwafuata ni kupoteza mafuta. Basi siku zile za mbalamwezi vyombo vinavutwa nchi kavu, wavuvi wanakaa nyumbani kushona nyavu, na kina mama wa dagaa wanakaa na vichanja vitupu. Kila mtu wa mwambao huu anajua, kuanzia Mwamgongo mpaka Ilagala. Mimi mzaliwa wa Ujiji nilikuwa nimekula maharage kila mbalamwezi tangu nioe, na mwezi ule ule nikaenda darasani kuwaambia watoto wa wavuvi kwamba mume akiwa nyumbani chini ya mwezi mpevu ni raha tupu. Na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Waliniheshimu kuliko walivyoheshimu njaa yao.

Niliacha chakula nikaenda ufukweni Kibirizi. Kulikuwa mchana, jua kali. Vyombo vimelala mchangani, nyavu zimetundikwa juu ya miti, wanaume wamekaa chini yake wamenyoosha miguu. Mwanamke mmoja alikuwa kibarazani kwake, na pembeni yake, nikasimama kuhakikisha, sufuria mbili zimefunikwa kifudifudi juu ya jiwe.

"Karibu, mzee," akaniambia. "Unatafuta nini?"

"Mstari wa nane," nikamjibu.

Akageuka kwa jirani yake akasema, "Huyu naye jua limemwingia."

Nikarudi, nikalisoma shairi kwa sauti mara tatu, peke yangu, kwa sababu watu watatu sikuwa nao. Kila chombo kilikuwa kimekaa mahali pake kikinisubiri. Nyavu ukutani. Sufuria ambayo haijapikiwa. Mume aliyekaa kwa sababu hana pa kwenda. Na mwezi, mgeni wa heshima anayekuja siku ambayo huna cha kumpikia.

Siku ya pili nikaenda Mwandiga kwa Mwalimu Gervas. Nilimkuta anakagua michikichi yake na fimbo mkononi.

"Mwakeye," nikamwamkia kwa Kiha chake.

"Leo Ijumaa, Sadiki. Umekosea njia ya msikiti?"

"Nitawahi. Nina swali moja. Lile shairi la mwezi, ulijuaje kwamba ni la mapenzi?"

Akaegemea fimbo akafikiri kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amelala wima. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kile kizito kikawatoa kuku chini ya ghala.

"Sadiki, mwaka niliotengeneza zile notisi, nilikuwa namchumbia mama watoto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwaka ule kila shairi lilikuwa la mapenzi. Hata lile la mazishi niliandika mapenzi, nikalifuta baada ya harusi. La mwezi nilisahau."

Nilikaa juu ya gogo. Posa ya mtu mmoja ilikuwa imetahini watoto wa watu kwa vizazi viwili, na sasa ilikuwa inamfukuza mmoja chuo.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa nikawaambia ukweli. Nilisema, "Nimewafundisha vibaya shairi la mwezi. Nilisema hesabuni vyombo, na mimi sikuviona vyombo vilivyokuwa mbele ya macho yangu." Halafu mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, tuandike hiyo?" Nikasema andikeni.

Wakaandika kweli. Haikupita wiki mbili, duka la fotokopi likatoa toleo jipya. Pale kwenye mwezi jibu la mapenzi limekatwa mstari, na juu yake pameandikwa: njaa (Mwalimu amekiri). Kisha kwenye mabano: hapa Mwalimu anafuta miwani. Nilimfuata mwenye duka nikamwambia alitoe lile jibu, waachwe wasome wenyewe. Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, bila jibu nani atanunua?"

Toleo lile ndilo lililotangulia kufika kwenye kikao cha watahini.

Kikao kiliendeshwa na mkuu wa idara, Dokta Eda, mama makini asiyependa hadithi. Alikuwepo pia mtahini wa nje, profesa mzee aliyetoka chuo cha mbali kuja kukagua kazi zetu. Nilikuwa nimeomba karatasi ya Yustina isomwe upya. Dokta Eda akaweka lile daftari la fotokopi mezani.

"Mwalimu Sadiki, mwongozo wako wa kusahihishia unasema mapenzi."

"Ndiyo."

"Na hili la mtaani linasema njaa. Sasa wote waliofaulu kwa mapenzi tuwaite warudi?"

"Hapana, Dokta. Wao walijibu nilichowafundisha. Kosa ni la mwalimu. Lakini huyu binti alijibu kilichoandikwa, na mimi nikamwadhibu."

Profesa akainua macho. "Jibu la mapenzi lilitoka wapi?"

Wanangu, hapo ndipo pagumu. Nilikuwa nimebakiza wiki chache nistaafu. Walikuwa wameshaninunulia saa ya ukutani. Ningeweza kusema limetokana na mapokeo ya kitaaluma, na yule profesa angeitikia kwa kichwa, na Yustina angepanda boti kurudi Mwamgongo na begi lake.

Nikasema, "Lilitoka kwa mwenzangu aliyekuwa anachumbia."

Dokta Eda akaweka kalamu chini. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akasema anataka kumsikia mwanafunzi mwenyewe, mtihani wa mdomo, sheria inaruhusu. Yustina alikuwa nje tangu asubuhi. Akaingia, akatuamkia mmoja mmoja, akapewa shairi.

Alilisoma kwa sauti, taratibu. Kiingereza chake kilikuwa na mwendo wa Kiha ndani yake, kinapanda pale cha wengine kinaposhuka, na nawaapia shairi lile lilikaa vizuri zaidi kwenye mwendo ule.

"Nani alikwambia hili ni la njaa?" Profesa akauliza.

"Hakuna. Sufuria iko kifudifudi."

"Sufuria ikioshwa si hufunikwa hivyo?"

"Ya kuoshwa huinamishwa pembeni ya karai, baba, ikauke upesi, maana jioni inahitajika. Ya kuwekwa juu ya jiwe hiyo imepumzishwa. Mama huipumzisha hivyo asiione inavyomtazama."

Dokta Eda akaandika kitu. Profesa akasogea mbele. "Basi unataka kutuambia mapenzi humu hayamo kabisa?"

Yustina akaangalia chini, nikaona tabasamu linampanda kwa nguvu. "Yamo, Profesa. Sisi nyumbani tuko saba. Mama anasema wote tulipatikana mbalamwezi."

Dokta Eda, asiyependa hadithi, alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitazama dari, kwa kuwa ni mtu mzima na mtu wa dini, lakini mabega yangu yalinisaliti.

Tulipotulia Yustina akaendelea, na sasa hakuwa anatabasamu. "Ila si hilo tu. Huyu mama ana sababu zote za kuuchukia mwezi. Umemfungia mumewe nyumbani, umemfunikia sufuria. Na bado anauona ni mzuri, na anauambia. Nilipofika hapo ndipo nililipenda shairi."

Akaombwa asubiri nje. Dokta Eda akanisukumia fomu, akasema alama haiwezi kubadilishwa mpaka msahihishaji aandike kwa mkono wake kwamba amekosa. Niliandika. Tukaisoma karatasi upya sote watatu, tukampa thelathini na moja kwa arobaini, na pamoja na maswali mengine akavuka.

Nikatoka nje. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameshika mikono yake miwili.

"Umefaulu," nikamwambia.

Akafunika uso kwa kitenge akakaa hivyo kidogo. Alipokifunua macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile ya mwisho wa kipindi.

"Asante, Mwalimu. Na zile tisa nimekosa wapi?"

"Hukuandika mapenzi. Umeyasema leo kwa mdomo, na vizuri sana, lakini kwenye karatasi hayamo hata mstari mmoja."

Akafikiri. "Ni kweli. Sikuyaona siku ile."

"Leo umeyaonaje?"

"Leo nimekula, Mwalimu. Siku ya mtihani ilikuwa mbalamwezi."

Wanangu mnaoshika kazi hii, na ninyi mnaoisoma: Mwenyezi Mungu awajaalie riziki katika giza na katika mwanga, awape macho ya kuuona uzuri hata siku ambayo umewanyima chakula, na akiwapa kalamu nyekundu, awape na ujasiri wa kuandika kosa lenu kwa mkono wenu wenyewe. Aliyefika mpaka mstari huu, Mola amfikishe salama kila anakokwenda. Amina.